Unanunua Mguu wa Aliyekutangulia: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuchukua Gari Dogo la Spoti la Mkononi

"Injini haijaguswa. AC inagandisha. Mafuta inanusa. Kuwasha na kuondoka, bei maelewano."

Mtu aliyetafuta gari la mkononi hata kwa wiki moja ameyasoma maneno haya mpaka ameyakariri. Yakiwa chini ya picha ya IST iliyokuwa ikimpeleka mwalimu kazini, huenda yana ukweli. Yakiwa chini ya Subaru Impreza WRX yenye tundu la hewa juu ya boneti na ekzosi yenye mdomo kama bakuli, yasome, yaweke kando, kisha beba tochi uende ukajionee. WRX ya turbo hainusi mafuta. Inakunywa.

Gari dogo la spoti limetengenezwa likimbizwe, na kukimbizwa peke yake hakuliui. Kinacholiua ni kukimbizwa likiwa baridi, kucheleweshewa oili, kuwekewa turbo kubwa na fundi wa kubahatisha, na kuachia klachi kwa kishindo kila taa za barabarani zikiwaka kijani. Gari mbili za mwaka mmoja, rangi moja na kilomita zilezile zinaweza kutofautiana kama mgonjwa na mzima. Kwa hiyo hununui mwaka wala namba ya usajili. Unanunua mguu wa aliyekutangulia, na ukaguzi wote unaofuata ni kutafuta mguu huo ulikanyaga wapi na kwa nguvu gani.

Lijue gari kabla ya kulifuata

Impreza WRX ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Afrika Mashariki jina lake lilikuzwa na mbio za magari: Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Sifa hiyo imezaa biashara ya pembeni. Impreza ya kawaida ya lita 1.5 huvalishwa boneti yenye tundu, mkia mkubwa na nembo za STI, toleo kali zaidi la WRX, kisha ikauzwa kwa bei ya gari ambalo silo.

Dawa ni kusoma namba ya chesisi. Kwa Impreza za Kijapani za kizazi cha 2000 hadi 2007, namba inayoanza na GDA ni WRX na inayoanza na GDB ni STI. Ukikuta GD2 au GD3, hiyo ni ya lita 1.5, hata kama imebandikwa nembo mpaka kwenye usukani. Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya boneti na imegongwa kwenye bodi yenyewe. Zote mbili zifanane, na zifanane na kadi ya gari.

Kila gari lina donda lake linalojulikana. Ukilijua mapema, unamuuliza muuzaji swali asilolitarajia:

• Impreza WRX yenye injini ya EJ20: mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana na injini imekwisha.

• Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 5, lita 2.0: kuna kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Huchakaa kimyakimya, na kikitoboka kinaharibu pampu pamoja na kamshafti. Giaboksi yake ya DSG ya gia 6 hudai oili mpya na filta kila kilomita 60,000.

• Golf GTI ya kizazi cha 6, hasa za kabla ya 2012: injini yake hutumia mnyororo, na kikazio cha mnyororo ndicho cha kuogopa. Mlio wa kukwaruza wa sekunde chache wakati wa kuwasha asubuhi ni onyo.

• Toyota Altezza RS200: injini ya 3S-GE hutumia mkanda, kwa hiyo ulizia tarehe ya kubadilishwa. Angalia pia kama injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, maana Altezza nyingi zimebadilishwa injini.

• Suzuki Swift Sport ya lita 1.6: injini yake hutumia mnyororo na haina turbo. Kwa anayeanza, hii ndiyo shule ya bei nafuu kuliko zote hapa.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mpwa wangu alinipigia simu Jumamosi moja: "Mjomba, nimepata WRX, twende ukaisikilize." Tulikubaliana na muuzaji saa mbili asubuhi, nikamwomba kwa hisani asiiwashe. Tulipofika gari lilikuwa linang'aa, limeoshwa mpaka ndani ya boneti. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Moto.

"Bosi wangu, nimeiwasha kidogo tu ili betri ishike," akasema kabla sijauliza.

Tukamshukuru, tukarudi kesho yake saa moja bila kumpa taarifa ndefu. Injini ikiwa baridi, iliwaka kwa kusuasua, ikatoa wingu la moshi wa bluu nyuma, na chini ikagonga kwa mlio mzito ambao haukutulia hata ilipopata joto. Siku iliyotangulia joto lingeficha nusu ya hayo. Mpwa wangu alinuna njia nzima, lakini aliondoka na pesa zake mfukoni.

Basi hii iwe sharti lako la kwanza: injini isiwe imewashwa tangu jana. Gusa boneti, gusa na rejeta kwa tahadhari. Ukikuta joto, panga siku nyingine. Na injini iliyooshwa ikang'aa isikufurahishe. Mafuta yanayovuja huonyesha njia yake kwenye vumbi, na vumbi likisafishwa ushahidi umeondoka nalo.

Injini husema kwa oili, moshi na sauti

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikiwa chini ya alama, mwenye gari hajali, na kwenye gari la turbo kutojali ni ugonjwa unaoua. Oili nyeusi si kosa kubwa. Chembe za chuma zinazometa ni kosa. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani: ute wenye rangi ya chai ya maziwa huenda ni maji yaliyochanganyika na oili. Fungua na rejeta, injini ikiwa baridi tu. Unataka kuona kuleni yenye rangi yake, si maji ya bomba yenye kutu.

Washa, simama nyuma ya gari. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe wa asubuhi ni wa kawaida ukikoma, lakini moshi mweupe mzito usiokoma na wenye harufu tamutamu ni kuleni inayoungua, yaani gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina hitilafu. Acha gari liungurume dakika 15 au 20 mpaka feni izunguke na kuzima zaidi ya mara moja. Mshale wa joto ukishafika mahali pake usipande tena, na chupa ya akiba ya kuleni isitoe mapovu mfululizo.

Injini ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka, oili hudondokea mabomba ya ekzosi yaliyo chini na kutoa harufu ya kuungua inayoingia hadi ndani. Hilo linatibika kwa gharama ya kawaida, kwa hiyo litumie kushusha bei. Sauti ndiyo ya kuangaliwa sana. Mlio mwepesi wa kugonga unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto ni pistoni kucheza kidogo, na EJ nyingi zinaishi nao. Mlio mzito wa kugonga unaofuata mzunguko wa injini na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za konrodi. Hapo usijadili bei. Aga.

Fundi wako apime mgandamizo wa kila silinda. Namba moja kubwa haitoshi; silinda zote nne zikaribiane. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna pete, valvu au pistoni iliyoumia. Muuzaji akikataa kipimo hiki kwa gari analodai "injini haijaguswa", amekwisha kukujibu.

Turbo, na mikono iliyopita humo

Turbo huzunguka kwa kasi kubwa mno na uhai wake wote ni oili. Mwombe fundi afungue bomba la hewa lililo mbele yake. Mafuta kidogo ni ya kawaida, lakini dimbwi si la kawaida. Mhimili wake ukisukumwa ndani na nje usicheze. Kwenye baadhi ya injini za EJ za turbo kuna kichujio kidogo cha waya kilichofichwa ndani ya bolti ya bomba la oili. Kikiziba, turbo hufa kwa kiu huku sampu imejaa. Uliza kama kimewahi kutazamwa. Asiyejua unazungumzia nini hakuwahi kukitazama.

Kisha tafuta vilivyoongezwa: ekzosi pana, masega ya ekzosi yaliyokatwa, springi zilizokatwa kwa msumeno, programu ya injini iliyochezewa ili turbo isukume zaidi. Kila nyongeza ina maswali yake. Nani aliifanya? Risiti iko wapi? Vifaa vya asili vipo? Nguvu ikiongezwa bila kuongeza petroli na kudhibiti joto, pistoni ndizo hulipa. WRX za Kijapani tena zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, hivyo kuongeza nguvu juu ya petroli ya kawaida ni kuchokoza injini. Ukiwa na gari mbili mbele yako, moja imepambwa na nyingine iko kama ilivyotoka kiwandani, chukua ya pili hata kama mlio wake ni wa upole.

Usisahau mashine ya kupima gari, ile mafundi wanayoiita dayagnosisi. Ukiweka swichi bila kuwasha, taa za injini, ABS na airbag zinapaswa kuwaka, kisha zizimike gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imechomolewa balbu. Na taa iliyozima inaweza kuwa imefutiwa makosa asubuhi ileile, kwa hiyo pima kabla ya kuendesha na upime tena baada ya kurudi.

Gia, klachi na tairi nne zinazovuta

Klachi ndiyo shajara ya dereva aliyepita. Barabarani, ukiwa gia ya nne kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Panda gia ya pili na ya tatu kwa haraka kidogo. Zikikwaruza, sinkronaiza zimeliwa, na kwenye WRX za gia 5 ndivyo zinavyoumia zikitumiwa kwa mashindano ya mtaani. DSG nayo isitetemeke wakati wa kuondoka wala kupiga teke ikirudi gia ya kwanza.

WRX huvuta kwa tairi zote nne, na hilo lina mtego. Tairi zote ziwe za ukubwa mmoja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Mbili mpya na mbili zilizoisha huzunguka kwa kasi tofauti na kuichosha difu ya katikati. Kwenye sakafu kavu kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole kwa duara. Gari likijivuta kama limefungwa breki, difu hiyo imekwama. Ukisikia tik-tik-tik, ni joint za eksili. Kisha soma namba 4 za mwisho pembeni mwa tairi: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nene lakini ya miaka kumi ni hatari kwenye gari la kasi.

Bodi: ajali, maji na kutu

Gari la spoti huuzwa sana baada ya kugongwa. Kagua mchana, nje, gari likiwa kavu. Nafasi kati ya milango, boneti na mabawa zilingane kulia na kushoto. Tazama vichwa vya bolti zinazoshika mabawa na boneti: rangi iliyokwaruzwa na spana inakuambia vilishafunguliwa. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye bati. Isiposhika, huenda chini ya rangi kuna puti. Nyanyua zulia la buti, tazama shimo la tairi ya akiba. Mikunjo na ulehemu mpya humo ni gari lililogongwa nyuma likanyooshwa.

Kwa gari lililozama, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utafute mstari wa matope, kisha chungulia reli za viti kama zina kutu. Kwa kutu yenyewe, linyanyue juu ya jeki ya gereji. Magari ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, huliwa na hewa ya chumvi, na yale yaliyotoka Uingereza huja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kutu ya juujuu hupigwa brashi. Kutu inayobomoka ukiigusa na bisibisi mahali springi au bushi zinaposhika haina brashi.

Kilomita husemwa na vitu vingi

Dashibodi ni shahidi mmoja tu, na anahongeka. Usukani uliong'aa, pedali iliyolika na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita 60,000. Kwa magari ya Japani tafuta vibandiko vya huduma kwenye nguzo ya mlango wa dereva na ndani ya boneti, kile cha mkanda wa taiming hasa. Huandikwa kilomita na tarehe, mara nyingi kwa mwaka wa Kijapani. Ukiona mwaka wa Heisei ongeza 1988, ukiona wa Reiwa ongeza 2018. Heisei 22 ni 2010. Kamera ya simu itakutafsiria herufi. Kibandiko kikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi leo inasoma 84,000, mazungumzo yameisha.

Kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, isome mwenyewe. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, na R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo.

Kadi kabla ya pesa

Tanzania, linganisha kadi ya gari na chesisi, injini, rangi na kitambulisho cha anayekuuzia. Injini ikiwa imebadilishwa, mabadiliko hayo yawe yameingizwa kwenye kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho kwa namba ya gari, maana deni hufuata gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe mara moja. Kadi yenye jina la benki ni ya gari ambalo bado lina mkopo. Kenya, pata taarifa za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kulipa chochote. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, WRX ya zamani utakayoikuta huko imeishi kwenye barabara hizohizo kwa miaka. Historia yake ipo. Idai.

Hesabu ya baada ya kununua

Usimalize pesa yote kwenye bei. Bakiza angalau asilimia 15 hadi 20 ya bajeti kwa ajili ya oili zote, mkanda wa taiming kama hauna ushahidi, plagi, breki na tairi. Piga simu kwa bima kabla ya kununua, si baada. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiye rafiki wa muuzaji wala wa dalali. Ada yake ya asubuhi moja haifikii bei ya turbo moja.

Na ukiona gari zuri, kadi safi, injini imewaka baridi bila lawama na mwenyewe ana faili la risiti za oili ya kila kilomita 5,000, usimkazie sana kwenye bei. Risiti hizo ndizo mguu uliokuwa unautafuta. Ukikosa mguu wa namna hiyo, panda daladala mwezi mwingine mmoja. Impreza hazitaisha sokoni, lakini akiba yako inaweza kuisha kwa gari moja.